Mkono wa Idi Hautumwi kwa Simu

Kila mwaka Ramadhani inapotupa mgongo, huzuka katika baraza zetu za Pwani mjadala usiokuwa na mshindi. Mzee mmoja husema kwamba vijana wa siku hizi wameharibiwa na pesa za Idi. Mwengine humjibu kwamba kijana wa miaka 15 hana haja na zawadi ya kuchaguliwa na mtu mzima. Apewe pesa zake ajinunulie akitakacho. Kahawa hunywewa, sauti hupanda, kisha kila mtu huenda zake nyumbani akafanya vile vile alivyofanya mwaka uliopita. Nimeusikiliza mjadala huu kwa miaka mingi, na leo naomba ruhusa ya wasomaji niingie ndani yake, kwa sababu naona pande zote mbili zinagombania jambo ambalo silo.

Swali si pesa au zawadi. Swali ni hili: tunapompa kijana pesa siku ya Idi, sisi wenyewe tunakuwa wapi?

PESA SI MGENI KWETU

Kwanza tuondoe dhana moja. Wako wanaodai kwamba kumpa mtoto pesa siku ya sikukuu ni ada tuliyoiga juzi kwa watu wengine. Hayo hayana ukweli. Ada ya hapa kwetu, toka Lamu mpaka Vanga, ilikuwa na mipaka iliyojulikana na kila mtu. Nguo ya Idi ilikuwa juu ya wazazi: mtoto wa kiume ashonewe kanzu, apatiwe kofia na makubadhi, wa kike apate gauni na viatu, na mikono yake itiwe hina. Pesa zilikuwa za jamaa na majirani. Hizo ndizo zilizoitwa mkono wa Idi, na jina lenyewe lina mafunzo. Mtoto akisema, "Nipe mkono wa Idi," alikuwa akiomba mawili kwa mpigo mmoja: nipe mkono wako niubusu, na nipe kilichomo ndani yake.

Wala pesa zenyewe si kitu cha jana katika pwani hii. Neno "pesa" lilitufikia kutoka Bara Hindi pamoja na biashara ya majahazi, na ile kampuni ya Kiingereza iliyokabidhiwa pwani yetu na Sultani wa Zanzibar ilitoa sarafu zilizochongwa jina la Mombasa, zenye tarehe ya mwaka 1888. Kwa hivyo watoto wa Kibokoni na Kuze wamekuwa wakizijua sarafu tangu zama za mababu wa mababu zao. Kama tunataka kutafuta kilicho kigeni, basi ni ile zawadi ya kufungwa kwa karatasi ya maua na utepe mwekundu. Nayo pia sisemi ni mbaya. Nasema tu kwamba mwenye kuitetea asiitetee kwa jina la ada za wazee.

Sasa tuulize: pesa zile za zamani zilikuwa na nini ndani yake?

Hazikuwa nyingi. Mimi nilipokuwa mtoto, thumuni ilikuwa ni kitu, na shilingi nzima ilikuwa ni habari. Sarafu ya shilingi tano ilipotoka mwaka 1985, aliyeipata siku ya Idi aliizungusha mtaani kuwaonyesha wenzake kabla ya kuivunja kwa viazi vya karai. Lakini sarafu ile haikuja yenyewe. Uliifuata kwa miguu. Ukitoka msikitini unakwenda kwa nyanya, kisha kwa ami mkubwa, kisha kwa shangazi, kisha kwa yule bibi wa nyumba ya pili ambaye hujui ni nani wako, ila mama amekwambia usimpite. Kila mlango ulikuwa na salamu yake na dua yake. Ulikaa, ukaulizwa umefika juzuu ya ngapi chuoni, ukala kipande cha halua, na ndipo mkono ulipofunguka. Jioni ulipofika uwanja wa Makadara kwenye pembea, mfukoni ulikuwa na pesa, na kichwani ulikuwa na ukoo wako mzima, umejua nani ni nani, nani mgonjwa na nani amerudi safari.

Shilingi ile ilikuwa ujira wa mguu. Thamani yake haikuwa katika chuma.

SIMU ILIYOUKATA MKONO

M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007, na hakuna mwenye akili atakayekataa kwamba imetufaa. Mzazi aliyeko Malindi humtumia mwanawe aliyeko Nairobi karo kwa dakika moja. Jamaa zetu walioko Dubai, Doha, Maskati na Jeddah huwafikia wazee wao bila ya kumtafuta msafiri wa kumpa bahasha. Mimi mwenyewe naitumia na nashukuru.

Lakini siku ya Idi imefanya jambo ambalo hatukulitazamia. Imebakisha pesa na kuuondoa mkono.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, alinihadithia habari ya mwanawe wa miaka 16 katika Idi iliyopita. Kabla ya adhuhuri simu ya kijana ilikuwa imelia mara sita. Ami kutoka ng'ambo, mjomba kutoka Nairobi, binamu wa huku na shangazi wa kule, wote wamemtumia. Zilipojumlishwa zilikuwa shilingi 4,300. Kijana alizipokea akiwa kitandani, akajibu kila mmoja kwa neno moja, na hakutoka nje mpaka alasiri, alipokwenda ufukweni na wenzake. Nyanyake mzaa baba yuko mtaa ule ule, mwendo wa dakika tano. Mama mzee yule alikuwa amefunga noti ya shilingi mia katika pindo la leso yake tangu usiku wa kuamkia Idi, akimngojea. Kijana alifika siku ya tatu, baada ya kusukumwa. Nyanya alipofungua pindo, mjukuu akamwambia kwa upole kabisa, "Nyanya, hiyo weka wewe, mimi ninazo."

Kijana alidhani anamfanyia hisani. Lakini mama mzee yule alilia alipoondoka, na mimi naelewa kwa nini. Hakukataliwa noti. Alikataliwa mkono.

Yule kijana si mtoto mbaya. Anasali, na shuleni hana kesi na mtu. Tatizo ni kwamba sisi watu wazima tumemfundisha, bila ya kusema neno, kwamba Idi ni hesabu inayoingia kwenye simu, na kwamba jamaa ni watu wanaoiingiza. Akifika mwenye mia moja baada ya wenye elfu, kwa hesabu hiyo yeye ni mdogo kuliko wote. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

WANAOTAKA ZAWADI

Hapo ndipo ndugu zangu wa upande wa pili hunyanyua sauti. "Si tulisema?" huuliza. "Acheni pesa. Mnunulieni kijana kitu: kitabu, saa, viatu, cherehani. Kitu hukaa, pesa hupita. Tena pesa hizo mnajua zinakokwenda."

Tunajua, naam. Hatuwezi kujifanya hatujui. Mwaka 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, na mahakama ikazisimamisha amri zile, watu wa Pwani walizozana sana juu ya nani alaumiwe: mkulima, mchuuzi, serikali au mahakama. Ni wachache waliouliza kijana wa miaka 14 anazipata wapi shilingi za kununulia. Na kamari nayo siku hizi haihitaji mtu kwenda mahali pa siri. Imo ndani ya simu ile ile iliyopokea mkono wa Idi, safari ya kidole tu. Anayeogopa haya hana makosa.

Hata hivyo, dawa ya zawadi haiponyi ugonjwa huu. Kijana wa miaka 15 au 16 ana mwili unaobadilika na hiari inayoanza kuota. Viatu alivyonunuliwa na mjomba asiyemwona mwaka mzima vitambana, au vitabaki kabatini kwa sababu rangi yake inachekwa. Ubaya zaidi ni kwamba zawadi inaweza kutumwa vile vile bila mkono. Nimeona saa nzuri ikiletwa na mtu wa pikipiki, kijana akatia sahihi, mlango ukafungwa. Basi hapo zawadi imetofautiana nini na ile pesa ya simu?

Tazameni tunavyotoa fitri. Sisi wa madhehebu ya Imam Shafi hutoa chakula, pishi moja kwa kila mtu. Ndugu zetu wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa huruhusu itolewe thamani yake kwa pesa. Wanavyuoni wamehitilafiana kwa karne nyingi juu ya kinachotolewa, lakini wote ni wamoja kwamba ni lazima kimfikie anayestahiki. Chakula au thamani, mtoaji hana ruhusa ya kutoa kisha asijali kimekwenda wapi. Nasi katika mkono wa Idi tumeshughulika na umbo la kitu, tukasahau njia yake.

PESA NI MTIHANI

Mimi nasema kijana apewe pesa. Nasema hivyo si kwa kumfuata yeye, bali kwa kufuata mafunzo tuliyosomeshwa chuoni.

Katika sura ya An-Nisaa, aya ya 5 na ya 6, Mwenyezi Mungu ametukataza kuwakabidhi mali wasioweza kuisimamia, kisha papo hapo akatuamuru tuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na tukiona kwao busara, tuwape mali yao. Aya hizi mbili zimekaa bega kwa bega kwa hekima kubwa. Ya kwanza inafunga mlango wa upuuzi. Ya pili haikuuacha mlango ule umefungwa milele. Inatuambia tumjaribu mtoto, tumtazame.

Anajaribiwaje? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amelieleza jambo hili katika Minhaj, kitabu ambacho wengi katika pwani hii wamekipigia magoti mbele ya masheikh zao. Anasema kila mtoto hujaribiwa kwa kadiri ya mazingira yake. Mtoto wa mfanya biashara hujaribiwa kwa kuuza na kununua na kushindania bei. Mtoto wa mkulima kwa shughuli za shamba na matumizi ya vibarua. Mwanamke kwa mambo ya uzi na pamba na hata kwa kukilinda chakula kisiliwe na paka. Na mtihani huu, asema, uwe kabla ya mtoto kubaleghe, tena urudiwe mara mbili au zaidi, mpaka ithibitike kwamba busara yake si ya kubahatisha.

Kuna jambo moja dogo katika maelezo yale ambalo nadhani ndilo dawa yetu. Mtoto anapewa mali ashindanie bei sokoni. Lakini bei ikishakubaliwa, anayefunga biashara ni walii wake. Yaani walii yupo. Hakumfungia mtoto nyumbani akamnunulia yeye kila kitu, wala hakumtupia mfuko wa pesa akaenda zake kunywa kahawa. Amesimama kando, amenyamaza, anatazama mwanawe anavyosema na mwuzaji, na linapofika la kufungika, yeye yuko karibu.

Wapinzani wa pesa wanataka kumfunga mtoto mikono mpaka awe na miaka 20, kisha waajabie kwa nini hajui kuisimamia mshahara wake wa kwanza. Wapenzi wa pesa wanamwachilia sokoni peke yake. Imam Nawawi kwa maneno machache amewapita wote wawili.

Na tukiutazama mtihani huu kwa uadilifu, tutaona kwamba nusu ya watoto wetu hatuwapi hata nafasi ya kuufanya. Nasema juu ya wasichana. Katika nyumba nyingi, mkono wa Idi wa kijana wa kiume ni wake na hakuna amwulizaye. Wa msichana hupokewa na mama kwa maneno matamu, "Lete nikuwekee," na kuwekewa kwenyewe hakuna siku kunapokwisha. Pesa huingia katika sukari na mafuta ya taa. Mama ana dhiki, najua. Lakini wanavyuoni wetu wamesema wazi kwamba alichopewa mtoto ni mali yake, na mzazi ni mwangalizi. Amana ni amana hata ikiwa ni shilingi mia mbili. Tunaijua sote hadithi ya Nu'man bin Bashir, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambaye babake alimpa kipawa na akaenda kumshuhudisha Mtume, rehema na amani zimshukie. Mtume akamwuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wake; aliposema la, hakukubali kuwa shahidi. Mimi naogopa Idi zetu nyingi zingekosa shahidi.

Matokeo yake twayaona kila siku. Kijana wa kiume amepewa pesa bila mafunzo, msichana amepewa mafunzo ya uvumilivu bila pesa, kisha siku moja tunawaoza, tunawakabidhi nyumba, na tunashangaa wanapogombana juu ya bajeti kabla hina haijafutika.

TUFANYE NINI?

Sipendi kulaumu kisha nikaondoka. Nitasema machache ambayo kila nyumba inayaweza, tajiri na maskini.

Watoto wadogo tuwaache na ada yao: nguo mpya kwa wazazi, na visarafu vya pembea kwa jamaa. Lakini mtoto akifika miaka 12 au 13, mkono wake wa Idi uanze kuwa na maana nyingine, na aambiwe hivyo waziwazi: "Hizi si za peremende. Tunataka kukuona."

Jamaa waliomo mjini wasimtumie kijana pesa kwa simu. Wamwambie: njoo uchukue. Asiyekuja hana. Hili si ukali, ni kumrudishia kijana miguu yake. Na jamaa walioko ng'ambo, ambao hawawezi kufuatwa, wampelekee nyanya au babu wa nyumba, zitoke katika mkono wa mzee yule baada ya salamu. Au wampigie kijana simu, wasikie sauti yake, wamwulize habari zake, kisha ndipo watume. Ami aliyeko Jeddah hapungukiwi na kitu akitumia dakika tano kumjua mtoto wa nduguye.

Wazazi nao wakae na kijana usiku wa kwanza wa Idi, wahesabu pamoja, wakubaliane mafungu matatu: fungu la furaha yake, alitumie bila kuulizwa, fungu la kuweka kwa kitu anachokitaka, na fungu la kutoa, hata kama ni shilingi 50 kwa yule mwenzake wa chuoni ambaye hana ami ng'ambo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na aandike. Wazee wetu wa biashara walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ya shule ya shilingi chache yatosha kabisa.

Kisha zipite siku. Baada ya kumalizika funga ya Sita, mzazi aketi na mwanawe na daftari lile. Asiwe hakimu. Kijana akisema amepoteza shilingi 300 kwa upuuzi na ameumia, huyo amefaulu zaidi kuliko aliyeficha. Mtoto akikosea kwa shilingi 300 leo mbele ya babake, ni afadhali kuliko kukosea kwa shilingi 300,000 kesho mbele ya mdai.

La mwisho ni juu ya kiasi. Mashindano ya jamaa kuhusu nani ametoa kubwa hayana uhusiano na mtoto. Hayo ni mambo ya watu wazima wanaotaka kusifiwa. Noti ya nyanya ya shilingi mia haina sababu ya kuona haya mbele ya elfu ya mtu yeyote. Kama mjukuu hajui hivyo, wa kumfunza ni baba na mama, tena kabla ya siku yenyewe, wasingojee mzee akae na pindo lake mlangoni.

Nimetaja kwamba Imam Nawawi ametaka mtihani wa mtoto urudiwe mara mbili au zaidi. Mwenyezi Mungu kwa rehema zake ametupa Idi mbili katika mwaka. Ya Mfunguo Mosi ikipita, baada ya siku zipatazo sabini huja ya Mfunguo Tatu, na mtoto anayeanza akiwa na miaka 12 ana Idi kumi na mbili mbele yake kabla ya kutimia miaka 18. Ni mitihani kumi na miwili, na kitabu chake ni daftari moja tu. Kinachotakikana ni walii asimame karibu, na mkono uwepo.